Upande wa Mama

Katika ukoo wetu hakuna anayenizidi kujua nani kazaliwa na nani. Nalisema hili bila haya, kwa sababu ndilo lililoniponza. Mimi ni binti mkubwa wa baba yangu, na kwetu Kitahana shangazi mkubwa ndiye daftari la ukoo. Kijana akitaka kuposa, wazazi wake huja kwanza kwangu niwaambie kama msichana si ndugu yao. Mzee akifa bila kusema mpaka wa shamba lake uko wapi, naitwa. Siku moja niliwataja mababu mmoja baada ya mwingine mbele ya mwenyekiti wa kijiji mpaka akaniomba nimeze mate kwanza. Kwa hiyo zahanati ilipotafuta mhudumu wa afya wa kujitolea, hawakuhangaika. Walinipa fulana na begi la mgongoni, nami nikajiona nimefika.

Miaka michache baadaye ukaja mradi. Tuliitwa Kasulu kwa mafunzo ya siku tatu, tukakaa katika ukumbi wa kanisa, kwenye viti vya plastiki. Mtaalamu wa mradi alikuwa kijana mpole mwenye miwani, na alijua kuongea na watu wazima.

"Mpaka leo tunagawa dawa kama watu wanavyochagua mitumba gizani," alisema. "Shati moja, huyu linamkaa, yule linambana shingo, na wote tunawaambia wavae. Sera inataka tubadilike. Tumjue mtu kwanza, tuijue damu yake, ndipo tumpe dawa inayomfaa yeye."

Tulicheka, kwa sababu wengi wetu mashati tuliyovaa yalikuwa ya mitumba na mengine yalibana kweli. Kisha akatueleza. Wapo watu ambao damu yao haivumilii dawa fulani. Mtu wa namna hiyo ni mzima, analima, anacheza mpira, anaweza kuzeeka bila kujua lolote. Lakini akimeza dawa ile, damu yake inaanza kuvunjika ndani kwa ndani. Mkojo unakuwa mweusi, macho yanakuwa ya njano, na asipowahiwa anaweza kufa. Dawa mojawapo ni kile kidonge kidogo cheupe wanachomeza kila siku wagonjwa wa ukoma. Hali hiyo mtu huzaliwa nayo. Mama huibeba bila kuugua, akampa mwanawe wa kiume.

Niliyaandika hayo. Daftari bado ninalo, na mwandiko ni wangu, umenyooka vizuri: Inapita kwa mama. Angalia wajomba.

Kipimo kilikuwapo. Tone moja la damu ya kidole, unasubiri dakika chache, unapata jibu. Mama mmoja kutoka Kagerankanda aliuliza kwa nini tusiwapime watu wote tukamaliza. Mtaalamu akasema vipimo havitoshi, idadi yake inapangwa huko juu, kwa hiyo fomu ndiyo itakayochagua. Tutapita nyumba kwa nyumba tuulize kama kuna mwanaume wa upande wa baba au wa upande wa mama aliyewahi kuugua au kufa kwa namna ile baada ya kumeza dawa. Nyumba yenye historia, wanaume wake watapimwa. Nyumba isiyo na historia itaendelea na dawa kama kawaida. Mimi niliona ni jambo la akili. Mwenye mbegu kidogo hapandi kwenye mawe.

Nilirudi Kitahana nikaanza kazi, na niliifanya kwa adabu zote za kwetu. Ukifika kwenye boma la watu unamsalimia mwenye nyumba, anakutolea kiti, mkewe anakuletea maji ya kunywa kisha anarudi jikoni kwake. Unaongea na mwenye nyumba. Upande wa baba wanaume walinijibu mpaka mkono ukachoka. Upande wa mama, mwenye nyumba alikohoa, akatazama kule jikoni, akasema hakuna. Sikumlaumu. Kwetu humchokonoi mwanamume kuhusu misiba ya wakwe zake, na mwanamke hasimulii vifo vya kwao katika ua wa mume wake. Ukimwita aje asimulie mbele ya wakwe umemvua nguo. Nikaandika hakuna, nikashukuru kwa maji, nikaenda nyumba nyingine.

Kwa kaka yangu sikuuliza kabisa. Nilijaza fomu ya nyumba yake nikiwa nimekaa mlangoni kwangu, mguu juu ya mguu. Nimuulize nini? Upande wa baba ni mimi mwenyewe. Na upande wa mama, mke wa kaka yangu kwao ni Nyakitonto, Wilaya ya Kasulu, kwa watu ambao wazee wao walikimbia Burundi zamani, sasa ni raia wenye mashamba yao. Siku ya harusi mimi ndiye niliyempokea mlangoni. Nilimwambia maneno ambayo shangazi wa kwetu humwambia bibi harusi: umeingia kwetu, ya kwenu umeyaacha njiani. Alikuwa mtiifu mno. Kwa miaka yote sikuwahi kumsikia akitaja mtu wa kwao zaidi ya mama yake. Nikaandika upande wa mama: hakuna. Kalamu haikusita hata kidogo.

Mtoto wao wa pili ndiye ninayetaka kumsimulia. Alikuwa na miaka kumi na minane, fundi wa kufyatua matofali, mrefu, mwenye vidole vilivyopiga kinanda kanisani kana kwamba alizaliwa nacho. Kila siku saa kumi jioni alikuja kwangu kuchaji simu yake, kwa sababu sola ya kwao ilikuwa imekufa na yangu ilikuwa nzima. Alikaa kwenye benchi akanitania mpaka simu ijae. Aliniita waziri wa afya.

Siku moja alinisaidia kuepua sufuria ya maharage. Alishika mkono wa sufuria bila kitambaa, akaiepua, akaiweka chini taratibu, na ngozi ya kiganja ikabaki kwenye chuma. Hakushtuka. Mimi ndiye niliyeshtuka. Nikamvuta hadi kwenye mwanga, nikaona juu ya kifundo cha mkono doa lililopauka, lisilo na vinyweleo, na nilipoligusa kwa ncha ya jani kavu hakuhisi kitu. Nilijua ni nini. Wiki iliyofuata zahanati nayo ikasema ni ukoma, tena wa mapema, unatibika kabisa.

Kaka yangu alitaka kuficha. Nilimpigia kelele. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba siku hizi ukoma ni dawa tu, si laana. Wifi yangu alikuwa amesimama kando ya mlango na ungo mkononi. Mtoto mwenyewe alicheka, akasema, "Shangazi, kama ni kumeza vidonge tu, nitameza. Ila usimwambie kiongozi wa kwaya." Nesi alitafuta fomu ya nyumba yao, akaona hakuna na hakuna, akampa pakiti ya dawa. Akameza dozi ya kwanza mbele yetu.

Kabla hatujatoka nilimpa maelekezo kama nilivyofundishwa. Nilimwambia moja ya dawa zile itabadilisha rangi ya mkojo, utakuwa mwekundu au wa machungwa, na hiyo ni kawaida, asiogope. Nilirudia mara mbili. Kesho yake alikuja saa kumi na simu yake, akaniambia anakojoa Fanta. Tukacheka wote wawili. Nacheka bado ninapoikumbuka, halafu najichukia.

Siku ya sita wifi yangu alikuja kwangu peke yake. Hilo halikuwa jambo la kawaida, maana wifi mdogo haji kwa wifi mkubwa bila kuitwa au bila kubeba kitu. Alikuwa amebeba mihogo mitatu kwenye kanga. Alikaa chini, si kwenye benchi.

"Wifi," alisema, "naomba mtoto apumzike zile dawa kidogo."

"Kwa nini?"

Akavuta nyuzi za kanga. "Apumzike tu. Wiki moja."

"Ana nini? Anatapika?"

"Oya, hatapiki. Amechoka. Naona amechoka."

Niliiona nafasi ya kufundisha, na mimi nafasi ya kufundisha siipitii mbali. Nikamweleza kwamba ukikatiza dawa ugonjwa unakuwa sugu, vidole vinakatika, na atakayelaumiwa ni mama. Nikamwambia haya mambo si ya kuotea jikoni, yana wataalamu wake. Nikamwambia, na haya nayakumbuka neno kwa neno, "Usilete mambo ya kienyeji katika nyumba ya kaka yangu."

Akaitikia kwa lugha ya kwao, ndiyo: "Ego, wifi." Akaacha mihogo, akaenda.

Nilipika mihogo ile na nikaila.

Siku mbili tatu mtoto hakuja kuchaji simu. Nikadhani yuko kwenye tanuri la matofali. Jumapili kinanda kilipigwa na mtu mwingine, akikosea kila mahali, nikainuka ibada haijaisha. Nilimkuta amelala kwenye mkeka nje, upande wa jua, amejifunika blanketi. Niliyaona macho yake kabla sijaukaribia mkeka. Yalikuwa ya njano kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji.

"Mkojo ukoje?" nikamuuliza.

"Mweusi, shangazi. Kama chai ya rangi iliyolala."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Na hukusema?"

Alinitazama kwa mshangao kabisa, si kwa lawama. "Si ulisema nisiogope?"

Tulimpakia kwenye pikipiki, kaka yangu nyuma yake akimshikilia, mimi na wifi kwenye pikipiki ya pili, tukaenda hospitali Kibondo. Daktari aliyempokea hakupoteza muda. Aliangalia mkojo kwenye chupa, akaangalia macho, akauliza anameza dawa gani. Kisha akaniuliza mimi, kwa kuwa nilivaa fulana ya uhudumu wa afya: "Mama, upande wa mama yake kuna mwanaume aliyewahi kupata hivi?"

Nikasema, "Hakuna. Fomu nilijaza mwenyewe."

Wifi yangu alikuwa nje kwenye bomba, anafua shuka.

Walisimamisha dawa, wakamwongezea damu, kaka yangu akatoa na mimi nikatoa. Walifanya walichoweza, na sitamnyooshea mtu kidole pale, kidole hicho kinanirudia mimi. Figo zilikuwa zimechoka na uchafu wa damu iliyovunjika. Siku ya tatu, mchana wa jua kali, watu wakiwa kwenye foleni ya chakula cha wagonjwa, aliniomba nimkunjie mkono wa shati. Nikamkunjia. Nilipomaliza alikuwa amekwisha.

Tulimzika Kitahana. Kwenye matanga alikuja mama yake wifi kutoka Nyakitonto, bibi mfupi aliyekuwa amevaa viatu vya mvua japo ilikuwa kiangazi. Hakulia kwa sauti. Alikaa karibu na kaburi, akawa anatikisa kichwa na kurudia maneno yaleyale kwa lugha ya kwao. Kirundi na Kiha ni watoto wa mama mmoja, kwa hiyo sikuhitaji mkalimani.

"Ni uwa gatatu," alikuwa akisema. Ni wa tatu.

Nilimwinamia nikamuuliza, "Mama, wa tatu wa nini?"

Hakuniangalia. "Kwenda na maji meusi," alisema. "Wawili wangu. Sasa na huyu."

Nilijikuta nimekaa chini kwenye udongo mbichi. Watu walidhani ni kilio cha shangazi, wakanishika mikono, wakaniambia nijikaze. Sikuweza kuwaambia. Nilikuwa nalisoma daftari langu kichwani, mstari ule mmoja.

Yaliyobaki niliyapata kidogo kidogo. Kaka zake wifi walikuwa wawili. Mmoja alikuwa darasa la sita, mwingine alikuwa ametoka kuoa. Kila mmoja kwa wakati wake aliugua, akapewa vidonge ambavyo leo hakuna anayejua vilikuwa vya nini, akakojoa maji meusi, akafa. Majirani hawakusema vidonge. Walisema ile ni nyumba inayokula wanaume wake. Tangu hapo hakuna aliyekuja kuposa pale. Wifi yangu akapelekwa kwa mama yake mdogo, mbali, ambako hakuna aliyejua, na huko ndiko kaka yangu alikomwona. Aliingia kwetu na siri hiyo, na mimi mlangoni nikamwambia ya kwao ameyaacha njiani.

Watu husema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja kuwa mjukuu, yalikuja siku hiyohiyo na yakahamia. Saa kumi jioni nasikia hodi. Si kwamba nadhani nasikia, nasikia. Natoka, benchi liko tupu, waya wa kuchaji unaning'inia. Mwezi wa kwanza nilikuwa najibu kabla sijakumbuka: "Karibu, ingia." Nimeacha chai ya rangi, siwezi kuitazama ndani ya kikombe. Nikipita zahanati nikasikia karatasi ya vidonge ikipasuka, naharakisha hatua. Nilimwogopa wifi yangu kuliko nilivyomwogopa Mungu. Nilimkwepa kisimani, nikamkwepa kanisani. Yeye alinisalimia vilevile, kwa magoti kukunjwa kidogo, na kila salamu ilinichoma.

Kisha tukaitwa tena Kasulu, safari hii kuipitia fomu. Tulikuwa walewale, ukumbi uleule. Mtaalamu aliuliza nani ana maoni. Nilisimama. Nilikuwa nimepanga kusema kwa utaratibu, nikashindwa, nikasema tu, "Fomu yenu niliijaza mimi na imemuua mtoto wa kaka yangu." Nikawaeleza yote, kiti, maji ya kunywa, mwenye nyumba anayekohoa. Wahudumu wenzangu walikuwa wameinamisha vichwa, na nikajua si mimi peke yangu niliyekuwa nikiuliza wanaume. Nikawaambia ugonjwa unaopita kwa mama hauwezi kutafutwa kwa baba. Nikaomba watu wote wapimwe.

Mtaalamu alivua miwani. Kuhusu vipimo alisema atalifikisha. Kuhusu fomu alisema itabadilishwa, na kweli ilibadilishwa. Iliongezwa sentensi: mama aulizwe mwenyewe, faraghani. Niliporudi Kitahana nilikuwa nimebeba sentensi ile kama mtu anayerudisha ng'ombe aliyeibwa. Ikanipa nguvu ya kwenda kwa wifi.

Nilimkuta anapepeta maharage uani. Nikakaa chini karibu naye, si kwenye kiti, nikaanza kuchagua mawe. Nikamwomba msamaha. Nilimwomba kwa sababu ya dawa, kwa sababu ya maneno yale ya mambo ya kienyeji, kwa sababu ya kutomuuliza. Nikamweleza kuhusu sentensi mpya, kwamba sasa hakuna mama atakayerukwa. Nikasema, "Laiti ningekuuliza siku ile."

Aliendelea kupepeta. Makapi yalimwangukia miguuni.

"Ungeniuliza, nisingekwambia," alisema.

Nikaliacha jiwe nililokuwa nimelishika.

"Nilikuwa na binti wawili wa kuolewa, wifi. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimeolewa." Akautua ungo. "Niliposema apumzike dawa, nilikuwa nakwambia. Hivyo ndivyo nilivyoweza."

Kisha akaniuliza kama nimekula, akaenda kunitolea ugali wa muhogo.

Nimeyageuza maneno yale mara nyingi. Kuna siku naona alinisamehe kwa kunidanganya, alijitwika mzigo ili mimi nipumue. Kuna siku naona alisema kweli tupu. Sitamuuliza, na hata nikimuuliza atanijibu kile anachoona naweza kukibeba. Lakini sentensi yangu ya Kasulu ilikufa palepale uani. Nilikuwa nimedhani kosa ni kumuuliza mtu asiye sahihi. Kumbe nilikuwa nataka mwanamke anitolee siri inayoweza kumrudisha kwao, aiweke kwenye karatasi ya serikali, ndipo mwanawe astahili tone moja la damu kupimwa.

Tulipangiwa maeneo mapya, kwa kuwa mradi ulikuwa unapanuka, nami nikapewa vitongoji vya Kagerankanda. Nilifanya kama fomu inavyosema. Niliwaomba waume watupishe, nikakaa na akina mama jikoni, nikauliza kwa sauti ya chini. Kaka zako wapo? Wote wazima? Yupo aliyewahi kwenda na maji meusi baada ya dawa? Wakajibu hakuna. Mmoja baada ya mwingine, hakuna, upesi upesi, kabla sijamaliza swali. Wengine ilikuwa kweli. Ila upesi ule naujua sasa. Ni upesi wa mtu anayefunga mlango mvua ikija.

Nyumba ya tano au ya sita, mama akasema hakuna, na mwanawe wa kiume alikuwa amesimama nyuma yake anamenya ndizi. Niliitazama kalamu. Nikaandika: wajomba, wawili.

Nyumba iliyofuata nikaandika wawili. Na iliyofuata. Wiki nzima katika fomu zangu kila mama wa Kagerankanda alikuwa amepoteza kaka wawili, mmoja wa darasa la sita, mmoja aliyetoka kuoa. Sikuwahi kuwaona vijana wale wa Nyakitonto wakiwa hai, na sasa natembea nao mlango kwa mlango, wananitangulia kuingia. Najua ni uongo. Najua pia vipimo nilivyovuta upande wangu vimepungua mahali pengine, na huenda huko kuna shangazi mwingine ambaye ataikunja mikono ya shati la mtu. Hilo nalo linanilaza macho wazi. Mtaalamu alinipigia simu, akasema kwa upole eneo langu linatia wasiwasi, mbona wajomba ni wawili kila nyumba. Nikamwambia ndivyo ilivyo. Kisha akasema atatuma vipimo.

Vilikuja. Tuliwachoma vidole wanaume na wavulana chini ya turubai la shule, na wengi wao majibu yalikuwa mazuri, wakaenda zao wakinyonya kidole. Mchana likatoka jibu baya moja. Alikuwa mtoto wa darasa la saba, mzima, mwenye mbio, anataka kurudi kwenye mpira. Muuguzi akamwandikia kadi yenye dawa asizopaswa kupewa maisha yake yote, kisha akamwita mama yake, akamsomea fomu kama utaratibu unavyotaka: upande wa mama, wajomba wawili.

Mama yule alikuwa miongoni mwa waliojibu upesi. Niliuona uso wake ukipauka. Alichukua kadi, akamshukuru muuguzi, akanifuata hadi nyuma ya darasa ambako hakukuwa na mtu.

"Nani alikwambia?" akaniuliza.

Nilianza kusema kwamba ni kosa la mwandiko.

"Hawakuwa wawili," akasema. "Alikuwa mmoja."

Nikaitoa fomu yake kwenye begi, nikafuta wawili, nikaandika mmoja.